Skrini ya tatu inaangusha kompyuta yangu: nibadilishe bodi?

Mshauri, habari za kazi?

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kijitonyama, na kazi yangu ya uhasibu naifanyia nyumbani. Nawaandalia hesabu wafanyabiashara wadogo, wengi wana maduka Kariakoo na Mwenge: risiti za EFD (mashine za risiti za kodi), ritani za VAT, na barua za TRA, mamlaka ya mapato, zikija. Kazi hii inataka uone vitu vingi kwa wakati mmoja. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitumia kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na monita moja niliyoichomeka kwenye tundu la HDMI. Haikuwahi kunisumbua.

Mwezi uliopita mdogo wangu aliniletea monita ya zamani, ile yenye umbo la karibu na mraba, baada ya ofisi yao kubadilisha vifaa. Ina tundu la VGA tu. HDMI ya kompyuta ilikuwa imeshakaliwa, kwa hiyo nikaenda Kariakoo. Muuzaji akanipa adapta inayochomekwa USB upande mmoja na kutoa HDMI upande wa pili, halafu akaongeza nyingine ndogo ya kutoka HDMI kwenda VGA. Zote mbili elfu hamsini na tano. Nilipochomeka, adapta ya USB ilijitokeza kama flashi yenye programu ndani yake, nikaisakinisha, na skrini ya tatu ikawaka. Nilifurahi kwelikweli.

Furaha iliisha jioni ile ile. Nikiburuta dirisha la taarifa ya benki kulipeleka kwenye skrini mpya, skrini zote zinakuwa nyeusi, zinakaa kidogo, halafu zinarudi. Wakati mwingine kipanya kinaganda kabisa. Kibaya zaidi ni umeme ukikatika kisha ukarudi: monita zote mbili zinawaka kwa pamoja, na hapo hapo kompyuta inatoa skrini ya bluu na kujiwasha upya. Nimeshapoteza kazi ya mteja niliyokuwa sijaihifadhi.

Fundi wa mtaani kwetu alifungua kumbukumbu za Windows akanionyesha mstari unaosema kwamba draiva ya skrini, yaani programu inayoiendesha, iliacha kujibu kisha ikarudi. Akasema chipu ya grafiki, ile inayotengeneza picha, imechoka, na kwa kuwa imeunganishwa kwenye bodi, dawa ni kubadilisha bodi nzima kwa laki tatu na nusu. Mume wangu anauliza kwa nini nisirudi kwenye skrini mbili, yaishe. Tarehe 20 ndiyo hiyo inakaribia na ritani zinanisubiri. Kompyuta ina tundu jingine dogo la umbo la yai ambalo sijawahi kulitumia, sijui kama linasaidia. Je, ni bodi kweli?

Mhasibu wa Kijitonyama

*

Dada Mhasibu,

Usitoe hiyo laki tatu na nusu. Kwa maelezo yako mwenyewe, kompyuta hii ilibeba skrini mbili kwa muda mrefu bila shida, na ilianza kuanguka siku ile ile uliyochomeka adapta. Kabla ya kuigusa bodi, kuna vitu vitatu vya kukagua, na kuvikagua hakugharimu hata shilingi: adapta ya kwanza, adapta ya pili, na programu iliyokuja nazo.

Nianze na ule mstari alioukuta fundi, kwa sababu ndio uliomfikisha kwenye bodi. Mstari ni wa kweli, na kwa kawaida hubeba namba 4101. Tangu toleo la Vista, lililotoka 2007, Windows huilinda chipu ya grafiki kwa kuipimia muda: ikiipa kazi na sekunde 2 zikapita bila jibu, inaizima draiva na kuianzisha upya. Ule weusi unaouona ndio kuanzishwa upya kwenyewe. Kuanzisha upya kukishindikana, au kukijirudia mara nyingi kwa muda mfupi, Windows inakata tamaa na kutoa skrini ya bluu, ambayo mara nyingi inaandikwa VIDEO_TDR_FAILURE. Kwa hiyo mstari ule unakwambia nani amechelewa kujibu. Nani amemchelewesha, hausemi. Chipu iliyoungua inaweza kuuandika, na hali kadhalika draiva mbovu, joto, au kifaa cha pembeni kinachoivuruga draiva. Fundi akiusoma na kuruka moja kwa moja kwenye bodi, ameacha maswali matatu ya msingi bila kuyauliza. Hili linaniuma, maana bodi nyingi zinabadilishwa mjini hapa kwa mtindo huo, na tatizo linarudi nyumbani pamoja na mteja.

Sasa adapta yako ya USB. Wengi wanadhani adapta ni waya wenye vichwa tofauti. Zipo za namna hiyo, ambazo zinapokea picha iliyokwisha tengenezwa na chipu ya grafiki na kuipitisha tu. Ya kwako si mojawapo. Tundu la kawaida la USB, lile pana na bapa, halitoi picha hata kidogo. Linapitisha data na umeme tu. Ili skrini iwake kupitia tundu hilo, programu uliyoisakinisha inaiambia Windows kwamba kuna kadi nyingine ya grafiki, inachukua kila badiliko la skrini, inalibana liwe dogo, inalisukuma kwenye waya wa USB, na chipu ndogo iliyo ndani ya adapta inalifungua upya. Kazi hiyo ya kubana inafanywa na kompyuta yako, juu ya kazi nyingine zote ulizoipa.

Hebu tazama ukubwa wa mzigo wenyewe. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080, yenye rangi za biti 24, inayochorwa mara 60 kwa sekunde, inahitaji karibu biti bilioni 3 kila sekunde. USB 2.0 mwisho wake ni biti milioni 480. USB 3.0 inafika bilioni 5. Monita yako ya mraba bila shaka ni ndogo zaidi. Nyingi za aina hiyo ni 1280 kwa 1024, ambayo bado ni karibu bilioni 2. Ukichomeka adapta kwenye tundu la USB 2.0, kila unapoburuta dirisha kubwa, programu inalazimika kubana kwa nguvu zake zote, foleni inajaa, na draiva mbili zinazogawana skrini moja ya Windows zinaanza kusubiriana. Ndiyo maana inakuangukia unapoburuta taarifa ya benki, wala si unapoandika namba kwenye seli moja. Chungulia ndani ya matundu yako ya USB: ulimi wa bluu, au herufi SS pembeni, kwa kawaida ni USB 3. Kama adapta iko kwenye tundu lenye ulimi mweusi au mweupe, ihamishie kwenye la bluu leo leo uone tofauti.

Kuna jambo la pili kuhusu adapta hizi. Ubora wa draiva unatofautiana mno kati ya chipu na chipu. Zile zenye chipu za DisplayLink, ambazo tangu 2020 ziko chini ya kampuni ya Synaptics, zina draiva inayosasishwa na kupatikana kwenye tovuti ya wenyewe. Nyingi za bei nafuu zina chipu nyingine, na draiva yake ni ile ile iliyofungiwa ndani ya adapta siku ilipotoka kiwandani, hata kama Windows yako imeshabadilika mara kadhaa tangu hapo. Kule kujitokeza kama flashi ndiyo dalili yake. Ukitaka uhakika, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M, utafungua Device Manager. Tafuta adapta yako kwenye orodha, fungua sifa zake (Properties), nenda kwenye Details, chagua Hardware Ids. Ukiona VID_17E9, ni DisplayLink, na huenda tatizo likaisha kwa draiva mpya tu. Ukiona namba nyingine, mimi nisingeendelea kuihangaikia.

Tuje kwenye adapta ya pili, ya HDMI kwenda VGA. HDMI ni ya kidijitali na VGA ni ya analogia, teknolojia ya mwaka 1987, kwa hiyo katikati lazima kuwe na chipu ya kugeuza, na chipu inakula umeme. Kiwango cha HDMI kinamtaka mtoaji atoe angalau miliampia 55 tu, na vigeuzi vingi vinataka zaidi ya hapo. Ndiyo maana baadhi vina kitundu pembeni cha kuongezea umeme wa USB. Kwako, adapta hii inanyonya kutoka kwenye adapta nyingine ambayo nayo inanyonya kutoka kwenye kompyuta. Umeme ukipungua kidogo, picha inakatika na kurudi, na kila ikirudi, Windows inahesabu kwamba monita imechomolewa na kuchomekwa, inapanga skrini zote upya, na draiva inapata kazi nzito pasipo sababu.

Zaidi ya hapo, kila monita ina kitambulisho chake, taarifa fupi inayoieleza kompyuta jina lake na vipimo inavyovimudu. Kwenye msururu wa adapta mbili, kitambulisho hicho mara nyingi kinapotea njiani, na Windows inaanza kubahatisha. Fungua Device Manager tena uangalie sehemu ya Monitors: kama monita ya mraba imeandikwa Generic Non-PnP Monitor, kitambulisho hakijafika.

Hapo ndipo habari ya umeme kurudi inapopata maelezo. TANESCO wakirudisha umeme, monita zako mbili zinajitambulisha kwa wakati mmoja, moja kupitia draiva ya kompyuta na nyingine kupitia draiva ya adapta, huku adapta mbili zikiwa bado zinaamka. Ni wakati mgumu kuliko wote kwa mfumo wa grafiki, na wako unaanguka hapo hapo. Mpaka tutakapotatua, chomeka monita kwenye ekstensheni yenye swichi, uizime umeme unapokatika, na ukirudi washa monita moja, isubiri itoe picha, ndipo uwashe ya pili.

Sasa jaribio lenyewe. Hifadhi nakala ya mafaili ya wateja kwenye flashi au diski ya nje kwanza. Kama tarehe 20 iko karibu sana, fanya hatua ya kwanza tu, nyingine ziache mpaka ritani zimekwenda.

Hatua ya kwanza ni kuchomoa adapta ya USB, kwenda kwenye orodha ya programu za kompyuta, kuiondoa ile programu iliyokuja nayo, na kuwasha upya. Kuchomoa peke yake hakutoshi, maana draiva yake inabaki imejipachika. Halafu fanya kazi zako za kawaida na skrini mbili kama zamani, nzito na nyepesi, mchana wa joto na usiku. Isipoanguka, bodi yako ni nzima na hoja ya fundi imekwisha.

Baada ya hapo, chomoa monita ya kwanza kwenye HDMI ya kompyuta, weka pale ile adapta ndogo ya VGA na monita ya mraba. Ikitoa picha tulivu na jina lake likasomeka, adapta ndogo ni nzima na mkosaji ni ile ya USB. Ikimetameta au kukatika hata hapo, tikisa kidogo vichwa vya waya uone kama ni mguso. Waya wa VGA uliokaa ofisini miaka huwa na pini iliyopinda. Angalia kwa tochi ya simu, pini moja iliyolala inatosha kukupotezea siku.

Kama skrini mbili bado zinakorofisha baada ya kuondoa programu ya adapta, safisha draiva ya grafiki. Ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, andika modeli iliyo chini ya kompyuta, upakue draiva ya grafiki ya modeli hiyo. Zima intaneti, ondoa draiva ya zamani kupitia Device Manager kwenye Display adapters, washa upya, sakinisha uliyopakua. Mafundi wengi hutumia flashi yenye mafurushi ya draiva za kila kompyuta duniani, kataa. Furushi hilo linakisia, na mara nyingi ndilo linaloleta matatizo haya. Mtu akikushauri utumie DDU, programu ya kuondoa draiva, kwenye Safe Mode, yaani hali ya Windows ya kuwaka na vitu vya lazima tu, ni programu nzuri na inafuta hadi mabaki, lakini kompyuta nyingine zikiingia Safe Mode zinadai ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Hakikisha unaupata kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla ya kuanza, la sivyo utafungiwa nje na hesabu za watu zikiwa ndani.

Utakutana pia na ushauri wa kuingia kwenye rejista ya Windows, mahali inapohifadhi mipangilio yake ya ndani, na kuongeza zile sekunde 2 ziwe 8 au 10. Usifanye. Microsoft wenyewe wameiweka mipangilio hiyo kwa ajili ya majaribio ya watengenezaji. Wewe utakachopata ni skrini inayoganda muda mrefu zaidi kabla ya kuanguka. Lakini nakupa njia moja ya dharura: skrini ikiwa nyeusi au ikiganda, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva inaanzishwa upya na mara nyingi picha inarudi bila programu zako kufungwa. Hifadhi kazi papo hapo.

Nimefurahi sana kusikia habari ya lile tundu la umbo la yai, maana huenda ndilo litakalokupa skrini ya tatu. Hilo ni USB-C, na baadhi yake hutoa picha halisi kutoka kwenye chipu ya grafiki, bila kubana wala draiva ya ziada. Tazama alama iliyo pembeni yake. Herufi D iliyokumbatia P ni DisplayPort: linatoa picha. Mshale wa radi ni Thunderbolt: nalo linatoa. Likiwa na SS peke yake au halina alama, angalia maelezo ya modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kununua chochote. Chipu za Intel za kompyuta mpakato tangu kizazi cha tatu cha Core, mwaka 2012, zinaweza kubeba skrini tatu, na kompyuta yenye USB-C ni ya baadaye kuliko hapo, kwa hiyo sitarajii idadi ikukwamishe.

Likiwa linatoa picha, nunua adapta moja tu ya USB-C kwenda VGA, moja kwa moja, msururu ukatike. Beba kompyuta yako na waya wa VGA mpaka dukani, umwombe muuzaji achomeke kwenye monita yoyote aliyo nayo kabla hujalipa. Risiti nyingi za Kariakoo zimeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi, na muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa kuijaribu mbele yako. Ukifika nyumbani weka skrini zote kwenye mizunguko 60 kwa sekunde.

Kama USB-C yako haitoi picha, basi adapta ya USB yenye chipu ya DisplayLink, kwenye tundu la bluu, ndiyo itakayobaki. Kwa majedwali na risiti inatosha vizuri. Video nzito ziweke kwenye skrini nyingine.

Na shemeji umweleze kwa upole kwamba anayelinganisha risiti za EFD na leja na taarifa ya benki anahitaji kuviona vyote vitatu kwa pamoja, kwa sababu kosa la namba moja kwenye ritani analilipa mteja kwa faini.

Ikitokea kompyuta inaanguka hata ikiwa peke yake, bila monita wala adapta yoyote, na draiva ni safi, hapo fundi atakuwa na hoja. Hata hivyo mwambie kwanza afungue feni atoe vumbi na kubadilisha ile pasta ya joto juu ya chipu, maana joto la Dar na vumbi la barabarani vinaweza kuleta mstari ule ule wa 4101. Akishafanya hivyo na bado inaanguka, mwombe akuonyeshe chipu ikishindwa mbele ya macho yako, kwenye bodi ile ile anayotaka kuitoa.